Paneli zilizokwama forodhani na mji wa mazulia unaosomwa vibaya

Novemba 2025 kampuni ya Kikorea ya Qcells ilitangaza kwamba wafanyakazi wake wapatao 1,000, kati ya takriban 3,000 walioko katika jimbo la Georgia, Marekani, wangepunguziwa saa za kazi na malipo. Vibarua wengine wapatao 300 walioletwa na mawakala wa ajira walikuwa wanaondolewa kabisa. Sababu iliyotolewa ni kwamba shehena za vipuri vya paneli za sola zilikuwa zinazuiliwa na forodha ya Marekani, ambako maofisa wanatekeleza sheria inayokataza bidhaa zinazohusishwa na kazi ya kulazimishwa katika eneo la Xinjiang, China. Kampuni yenyewe ilisisitiza kwamba malighafi yake haitoki huko. Kimoja cha viwanda viwili vilivyoguswa kiko Dalton, mji wa watu wapatao 34,000 kaskazini-magharibi mwa Georgia, na haikuchukua muda mji huo ukageuzwa fimbo ya kuchapiana. Wapinzani wa nishati ya jua walisema hayo ndiyo matunda ya ruzuku za Joe Biden. Wapinzani wa Donald Trump nao wakasema hivyo ndivyo inavyokuwa serikali inapodai inarudisha viwanda nyumbani huku ikivikaba shingo bandarini.

Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinaizungumzia Dalton kana kwamba ni kijiji cha mahindi kilichokuwa kimekaa kikisubiri mwekezaji, kikampata, na sasa kinakaribia kumpoteza. Huu ni mji ambao umekuwa ukilisha soko la Marekani kwa bidhaa za viwandani tangu babu wa babu zetu, na kiwanda cha sola ni mgeni wa juzi tu pale. Kilichokwama Novemba ni shehena. Kinachoutishia mji wenyewe ni mambo mawili yaliyozaliwa na mazulia: mlango uliokuwa ukimruhusu mtu wa kawaida kuanzisha kiwanda umefungwa, na kemikali zilizotumika kuyafanya mazulia yasishike madoa zimebaki mtoni zikidai malipo. Anayetaka kuijadili Dalton kama somo la sera ya viwanda aanzie hapo.

Jina Dalton halimwambii kitu msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, kwa hiyo tulieleze kidogo. Ni makao makuu ya kaunti ya Whitfield, kando ya barabara kuu ya I-75, kiasi cha kilomita 145 kutoka Atlanta na karibu kilomita 50 kutoka Chattanooga, jimbo la Tennessee. Kwa makadirio yanayorudiwa kila mara, zaidi ya asilimia 80 ya mazulia yanayotengenezwa Marekani hutoka kwenye viwanda vilivyo ndani ya duara la kilomita mia moja hivi kutoka mjini hapo. Shaw, kampuni iliyoingia mikononi mwa Berkshire Hathaway ya Warren Buffett mwaka 2001, ina makao yake Dalton. Mohawk, mshindani wake mkubwa, yuko Calhoun, nusu saa kwa gari kuelekea kusini. Ni vigumu kupata mji mwingine mdogo kiasi hiki ulioshika bidhaa moja ya nchi kubwa namna hii.

Yote hayo yalianza na kitandiko cha kitanda. Mwaka 1895 msichana wa miaka 15, Catherine Evans, ambaye baadaye aliolewa akaitwa Whitener, aliiga ufundi wa zamani uliokuwa karibu kusahaulika: alichora umbo kwenye kitambaa cha pamba, akapenyeza nyuzi nene kwa sindano, akakata ncha zake zikachanua, kisha akakichemsha kitambaa kikasinyaa na kuzibana nyuzi zisichomoke. Mwaka 1900 aliuza kitandiko kimoja kwa dola 2 na senti 50. Maombi yalipozidi uwezo wake, alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililojenga mji kuliko kitandiko chenyewe: aliwafundisha majirani. Katika miongo iliyofuata ilizuka biashara nzima ya watu waliozunguka mashambani na magari wakigawa vitambaa vilivyochorwa tayari pamoja na nyuzi, kisha kurudi kukusanya kazi iliyokamilika na kulipa kwa kipande. Familia za wakulima wa pamba waliokuwa wakihenyeka kwa bei mbovu zilipata fedha taslimu bila kuondoka nyumbani. Kando ya barabara ya US 41 iliyowapeleka matajiri wa kaskazini likizo Florida, vitandiko vilianikwa kwenye kamba kama matangazo, na kwa kuwa mchoro wa tausi ndio uliouzika zaidi, kipande hicho cha barabara kikaitwa Kichochoro cha Tausi.

Tuupime ujira huo vizuri, maana kuna hatari ya kuupaka sukari. Malipo yalikuwa duni, watoto walishona pamoja na mama zao, na mzungukaji ndiye aliyepanga bei. Ila ufundi ulienea katika kaunti nzima, ukawa mali ya maelfu ya watu na si siri ya tajiri mmoja. Serikali ya Franklin Roosevelt ilipoweka kima cha chini cha mshahara, kwanza kwa kanuni za mwaka 1933 na kisha kwa sheria ya 1938, mtindo wa kumlipa mama wa shamba senti chache kwa kipande ulipoteza faida. Wenye biashara walilazimika kukusanya kazi chini ya paa moja na kutafuta mashine. Mafundi wa papo hapo Dalton na Chattanooga walizichukua cherehani za kawaida wakazigeuza zipachike nyuzi, kwanza kwa sindano moja, kisha nne, kisha kwa safu ya mamia ya sindano yenye upana wa zulia zima la sebuleni. Mashine hizo hazikununuliwa kutoka nje. Zilibuniwa na watu waliojua uzi unakatika wapi na kwa nini.

Kufikia miaka ya 1950 mapinduzi yalikuwa yamekamilika. Zulia la zamani lilifumwa kwa sufu kwenye mitambo mikubwa ya kaskazini-mashariki, ghali na polepole. Zulia la Dalton lilipachikwa nyuzi kwenye kitambaa kilichokwisha kufumwa, kwa kasi ambayo mtambo wa kufuma usingeiota, na nailoni ya DuPont ilipoboreshwa mwishoni mwa muongo huo, sufu haikuhitajika tena. Bei ilishuka kiasi kwamba mfanyakazi wa kawaida aliweza kutandika zulia ukuta hadi ukuta. Viwanda vya New York vilianza kuanguka. Kile kikubwa cha Alexander Smith, mjini Yonkers, kilifungwa mwaka 1954. Hata jina Mohawk lilitoka kwenye bonde la New York ambako kampuni hiyo ya mazulia ilizaliwa, na leo liko kwenye mabango ya Georgia. Kwa hiyo wanaowalilia wafanyakazi wa Kusini kwamba kazi zao zitaibiwa na Asia wakumbuke kwamba mji huu nao ulijengwa kwa kazi zilizohama kutoka Kaskazini, zikifuata ufundi mpya, mishahara ya chini na uhasama mkali dhidi ya vyama vya wafanyakazi. Chama cha wafanyakazi wa nguo kilijaribu kuingia Dalton katika miaka ya 1950 na 1960, na kwa sehemu kubwa kikashindwa.

Kilichonivutia zaidi katika historia hii ni jinsi kazi ilivyogawanyika. Katika miaka ya 1960, mtu aliyetaka kutengeneza mazulia Dalton hakuhitaji kuwa na kiwanda kizima. Kulikuwa na waliosokota uzi tu, waliopachika nyuzi kwa kulipwa na wenye mali, waliotia rangi tu, waliopaka mpira wa nyuma tu, mafundi wa kutengeneza sindano na visu, wasafirishaji waliojua kupanga marobota ndani ya lori. Msimamizi aliyegombana na bosi wake Ijumaa angeweza kukodi mashine moja, kukopa uzi na kuanza kuuza kwa jina lake. Kampuni ya Shaw yenyewe ilichipuka kutoka kwenye biashara ndogo ya kutia rangi ya familia, ambayo ndugu Robert na J.C. Shaw waliikuza kwa kununua watengenezaji wengine. Wachumi wana majina yao kwa hali hii. Kwa lugha ya kawaida tuseme tu kwamba maarifa yalikuwa mtaani, na mtaji mdogo ulitosha kuyachukua.

Kuna tawi la historia hii linalotugusa sisi moja kwa moja, na sijui kwa nini halitajwi. Mgongo wa zulia la Dalton ulikuwa wa juti iliyotoka Bengal. Katika miaka ya 1960 na 1970 polipropilini iliisukuma juti pembeni. Plastiki hiyohiyo ndiyo iliyoingia kwenye kamba za kufungia majani makavu katika mashamba ya Marekani na Ulaya, soko kuu la mkonge wetu. Mwaka 1964 mashamba ya Tanga, Morogoro na kwingineko yalitoa tani zaidi ya 230,000. Kufikia mwisho wa karne uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi takriban tani 20,000. Barazani tumezoea kulitupia anguko hilo utaifishaji wa 1967 na kuishia hapo. Utaifishaji una sehemu yake, lakini mtu anayesahau kwamba bei ya nyuzi za asili ilikuwa imekwisha kuvunjwa na viwanda vya kemikali anasimulia nusu ya hadithi. Dalton ilikuwa upande uliofaidika na plastiki, Tanga upande ulioumia.

Turudi kwenye hoja za leo. Wanaotetea ushuru wa forodha wana ushahidi ambao si haki kuupuuza. Januari 2018 serikali ya Trump iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa paneli za sola kutoka nje, na miezi michache baadaye Qcells ilitangaza kujenga Dalton; mwaka 2019 kiwanda kilikuwa kinafanya kazi. Kusema ushuru haukuwa na mchango wowote ni kujifumbia macho. Wanaotetea ruzuku nao wana lao: sheria ya tabianchi ya Agosti 2022 iliahidi nafuu ya kodi kwa kila paneli iliyotengenezwa nchini, na Januari 2023 kampuni hiyo ikatangaza uwekezaji wa dola bilioni 2.5 kupanua Dalton na kujenga kiwanda kipya Cartersville, kusini zaidi. Aprili mwaka huo Kamala Harris alikwenda Dalton kupigwa picha, katika jimbo la uchaguzi la Marjorie Taylor Greene, mbunge aliyeipinga sheria hiyo kwa sauti kubwa kuliko wengi.

Kwa hiyo ushuru huvuta kiwanda, na ruzuku hukipanua. Ninachokataa ni kuruka kutoka hapo hadi kusema kwamba mji umepata sekta. Kiwanda cha Dalton huunganisha paneli. Seli zenyewe, moyo wa paneli, zimekuwa zikitoka ng'ambo, ndiyo maana ofisa mmoja wa forodha anaposhikilia makontena, mistari ya uzalishaji husimama. Linganisha na mazulia ya miaka ya 1960: uzi ulipochelewa kwa mtu mmoja, kulikuwa na mwingine barabara ya pili. Wanaopanga Cartersville wanalijua tatizo hili, na nia yao ni kutengeneza humohumo seli na malighafi zinazotangulia seli. Ni hatua ya maana. Hata hivyo maarifa yote yatabaki ndani ya ua wa kampuni moja. Mhandisi wa Qcells akigombana na bosi wake Ijumaa, Jumatatu hana mashine ya kukodi wala jirani wa kumkopesha seli. Atahama mji. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka msomaji aishike, na takwimu za ajira zinazotangazwa siku ya kukata utepe haziwezi kuionyesha.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka kwa wale wanaosema Dalton ya mazulia ilijijenga yenyewe bila mkono wa serikali, na kwa hiyo serikali ikae kando. Nimeisikia mara nyingi, hata kwa wachambuzi wa kwetu wanaopenda kuitumia Marekani kama kioo. Haina miguu. Kima cha chini cha mshahara cha Roosevelt ndicho kilichosukuma mashine. Barabara ya umma ndiyo iliyoleta wanunuzi kwenye Kichochoro cha Tausi. Maji mengi yanayohitajika kutia rangi, umeme, na usafishaji wa maji taka vimetolewa na Dalton Utilities, shirika linalomilikiwa na mji. Katika miaka ya 1960 shirika la serikali ya shirikisho linalodhamini mikopo ya nyumba lilikubali gharama ya zulia iingizwe kwenye mkopo wa nyumba yenyewe, badala ya kudai sakafu ya mbao chini yake, na kwa uamuzi huo wa kiofisi kila nyumba mpya ya kitongoji ikawa mteja wa Dalton. Serikali ilikuwepo tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba mkono wake ulishika soko, miundombinu na mshahara, ukaacha nani atashinda kati ya mamia ya wenye viwanda liamuliwe na wao wenyewe.

Hoja nyingine inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake: kwamba wahamiaji waliwanyang'anya wenyeji kazi. Katika miaka ya 1990 uchumi wa Marekani ulipopaa, viwanda vya Dalton viliajiri kwa wingi watu kutoka Mexico, na leo takriban nusu ya wakazi wa mji wana asili ya Amerika ya Kilatini. Wenyeji walikuwa na kazi. Viwanda vilikuwa vikigombania mikono. Mji pia ulipokea wageni hao kwa busara ambayo haielezwi vya kutosha. Mwaka 1997 wakili Erwin Mitchell, aliyewahi kuwa mbunge huko Washington, alisaidia kuanzisha mpango wa kuleta walimu kutoka chuo kikuu cha Monterrey kufundisha katika shule za Dalton, kwa sababu walimu wa pale hawakuweza kuzungumza na wazazi wa wanafunzi wao. Upande wa pili wa mizani kuna kesi iliyofunguliwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa Mohawk waliodai kampuni iliajiri watu wasio na vibali kwa makusudi ili kushusha mishahara. Kampuni ilikana, kisha mwaka 2010 ikamaliza shauri kwa kulipa dola milioni 18. Kwa hiyo lawama ya mshahara kubaki chini ina mahali pa kwenda, na mahali hapo ni ofisi ya mwajiri. Anayemwelekezea kidole aliyevuka mpaka akaja kusimama zamu ya usiku kwenye mashine amekosea anwani.

Kaunti hii humpigia kura Trump kwa zaidi ya theluthi mbili, na hapo pana mvutano ambao mji wenyewe haujaumaliza. Mei 2025 polisi wa Dalton walimsimamisha mwanafunzi wa chuo, msichana wa miaka 19 aliyeletwa Marekani na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, kwa kosa la barabarani ambalo baadaye ilionekana lilikuwa la gari jingine. Mashtaka ya barabarani yalifutwa. Wakati huo alikuwa amekwisha kukabidhiwa kwa idara ya uhamiaji na kupelekwa kizuizini kusini mwa jimbo, kabla ya kuachiwa kwa dhamana. Waliojitokeza kumtetea walikuwa pamoja na watu waliopigia kura kampeni ya kufukuza wahamiaji. Sisemi hilo kwa kejeli. Mji unaoishi kwa mikono ya watu fulani huwafahamu kwa majina, na sera ya taifa haiwafahamu.

Sasa tuingie kwenye yale mawili niliyoyataja mwanzoni. La kwanza ni mlango uliofungwa. Kuanzia miaka ya 1980 kampuni kubwa zilinunua ndogo moja baada ya nyingine: Shaw ilimeza wasokota uzi na watia rangi hadi ikawa inafanya kila kitu ndani, na Mohawk iliyojitenga na mmiliki wake wa zamani ikaichukua Aladdin mwaka 1994 na wengine wengi. Mamia ya viwanda yakawa majina machache. Kisha mwaka 2008 soko la nyumba likaanguka, na mji ambao bidhaa yake huuzwa nyumba mpya inapojengwa au ya zamani inapouzwa ukaanguka nalo. Ukosefu wa ajira ulivuka asilimia 12. Ni kweli kwamba mwaka 2009, katikati ya msukosuko huo, Robert Shaw aliyekuwa na umri wa kustaafu alianzisha kampuni mpya, Engineered Floors, ikakua haraka. Wapo wanaoitaja kama ushahidi kwamba mlango bado uko wazi. Mimi naiona kinyume. Ikiwa mtu aliyefanikiwa kuingia ni yule aliyeijenga kampuni kubwa kuliko zote, mwenye mtaji na simu za wauzaji wote nchini, basi huyo hakupita mlangoni. Alikuwa na ufunguo wake tangu zamani. Kijana wa leo wa Dalton, mtoto wa mpachika nyuzi kutoka Mexico, ana ujuzi kama aliokuwa nao msimamizi wa 1965, na hana pa kukodi mashine.

Wakati huohuo walaji wamegeuka. Nyumba nyingi mpya zinatandikwa sakafu ngumu za vinili zinazofanana na mbao, na sehemu kubwa ya hizo ilianza kuingia kutoka China na Vietnam. Zulia halikuwahi kutishwa sana na meli. Ni robota kubwa, zito, ghali kusafirisha kwa thamani yake. Vinili hukaa vizuri kwenye kontena. Kampuni za Dalton zimejenga viwanda vyake vya vinili, na hapo watetezi wa ushuru wana hoja nzuri kuliko kwenye sola, maana wateja, wasambazaji na mafundi wa sakafu tayari wako pale. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua wapi ushuru ujaribiwe kaunti ya Whitfield, ningechagua hapo.

La pili ni maji. Zulia lisiloshika madoa, lililouzwa kwa matangazo mengi tangu miaka ya 1980 kwa majina kama Scotchgard la kampuni ya kemikali ya 3M na Stainmaster la DuPont, lilitegemea kundi la kemikali za PFAS, ambazo haziozi, ndiyo maana huitwa kemikali za milele. Maji taka ya viwanda yalisafishwa na shirika la mji, kisha yakanyunyiziwa kwenye msitu wa zaidi ya hekta 3,500 kando ya mto Conasauga, mahali paitwapo Loopers Bend. Usafishaji huo haukuundwa kuziondoa PFAS. Conasauga unaungana na Coosawattee kuwa Oostanaula, ambao unafika mji wa Rome, na kutoka hapo maji yanaingia Coosa kuelekea Alabama. Gadsden, ulio Alabama, ulifungua kesi mwaka 2016. Rome ulifuata 2019, na kufikia 2023 ulikuwa umepata malipo ya takriban dola milioni 280 kutoka kwa watengenezaji wa kemikali, kampuni za mazulia na wengine, ili kujenga mtambo mpya wa kusafisha maji ya kunywa. 3M ilitangaza mwaka 2000 kwamba inaachana na kemikali ya kwanza ya kundi hilo. Kampuni za mazulia zikahamia kwenye ndugu zake, na zinasema ziliacha kuzitumia zote mwaka 2019.

Watetezi wa viwanda hujibu kwamba kemikali hizo ziliuzwa kihalali, na kwamba wauzaji ndio walioficha hatari. Sehemu ya kwanza ni kweli, na ya pili inaonekana kuwa na uzito, maana 3M ilikuwa na taarifa ambazo mtia rangi wa Dalton hakuwa nazo. Lakini kuanzia mwaka 2000 dhana ya kutojua inakuwa nyembamba sana kwa kampuni zenye mawakili na maabara. Lenye uzito zaidi kwangu ni hili: ule ujirani wa viwanda niliousifu hapo juu ndio uliokusanya uchafu wa sekta nzima ya taifa kwenye mto mmoja mdogo. Huwezi kuisifu kilomita mia moja hiyo kwa kuzalisha mazulia ya nchi kisha ukashangaa kwamba ndiyo iliyobeba kemikali za mazulia ya nchi. Na shirika la umma lililowapa viwanda huduma nafuu ya maji taka kwa miongo mingi limejikuta likishtakiwa na walio chini ya mto, nalo mwaka 2024 likazishtaki kampuni za mazulia na za kemikali. Kampuni za mazulia nazo zinawaandama waliowauzia kemikali.

Ninapopima yote haya, Qcells inakuwa sura ndogo. Ikirejesha saa zote za kazi, vizuri. Watu 1,000, hata wakigawanywa kati ya viwanda viwili, ni wengi ukilinganisha na mji wa watu 34,000, na kupunguziwa mshahara mwezi mmoja kabla ya Krismasi hakuna sera inayokufariji. Lakini miaka kumi ijayo ya Dalton itaamuliwa zaidi na mambo yasiyopigiwa picha: kama kuna mtu atakayewakodisha mashine wenye ujuzi wasio na mtaji, kama sakafu ngumu itatengenezwa na wengi au na wawili, na kama gharama ya kusafisha Conasauga itatoka kwa wanahisa au kwenye bili za maji za wakazi. Katika hilo la mwisho kuna kikwazo ambacho mawakili wa pande zote wanakijua. Kesi ikisikilizwa Whitfield, baraza la wazee wa kuamua huteuliwa miongoni mwa wakazi wa kaunti, na katika kaunti ile si rahisi kupata watu kumi na wawili ambao hawana mzazi, mwenza au mtoto aliyewahi kulipwa na zulia.